Poker ya mtaani, poker ya Westlands na kikombe cha maharagwe

Najua nimepotea. Kazini tulikuwa tunamalizia mfumo mmoja wa malipo, na wale mnaoandika programu mnajua wiki ya mwisho ya mradi inavyokuwa: mtu analala na kompyuta kitandani kama mtoto mchanga. Sasa nimerudi, na leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala simu mpya. Leo ni karata.

Ofisi yetu iko Westlands, mwendo wa dakika chache kutoka Sarit Centre. Ijumaa jioni hakuna mwenye akili anayekimbilia matatu, maana foleni ya Waiyaki Way ni ile ile hata baada ya barabara ya juu kufunguliwa mwaka 2022. Basi wenzangu huwa wanabaki kwenye chumba cha mikutano wakisubiri magari yapungue, na wanacheza karata. Ijumaa moja mhasibu wetu akanichungulia mlangoni akauliza, "Wewe unajua poker?"

Mimi? Poker? Nilicheka. Nimelelewa na poker! Stima ikipotea mtaani kwetu, tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za ploti na mshumaa mmoja, watoto sita, na karata zilizopauka mpaka huwezi kutofautisha 6 na 9. Nikavuta kiti nikatoa 1,500 nilizokuwa nazo mfukoni, nikaketi kama mfalme.

Nikapewa karata mbili.

Nikasubiri. Kwetu mtu hupewa nne. Nikasubiri pia ile karata ya kufungulia ifunuliwe katikati ya meza. Wenzangu wakaanza kusukuma hela. Hapo ndipo nilipojua nimeingia nyumba ya watu.

Maelezo kidogo kwa wasomaji wa Tanzania na kwingineko. Hapa Kenya, ukimwambia kijana wa mtaani "tucheze poker", anaelewa kitu kingine kabisa, mchezo ambao wengine huuita kadi. Ni mchezo wa kumaliza karata mkononi. Unaweka karata inayofanana na iliyo juu, kwa namba au kwa alama. Ukiwekewa 2 unaokota mbili, ukiwekewa 3 unaokota tatu, joka ni tano. J inamruka anayefuata, K inarudisha mchezo ulikotoka, Q na 8 ni maswali na lazima uyajibu. A ndiyo bosi: inazuia adhabu, na pia inakuruhusu kuitisha alama unayotaka. Ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi", na usipotangaza ni juu yako.

Hizo ndizo sheria za mtaani kwetu. Vuka barabara, utazikuta nyingine. Kuna wanaokubali kumaliza kwa K na wanaokataa. Kuna wanaoruhusu 2 ijibiwe kwa 3 na wanaosema huo ni wizi. Mchezo huu hauna kitabu, una majirani. Kama programu ni ile iliyoandikwa na watu hamsini bila hata ukurasa mmoja wa maelezo, na bado inafanya kazi kila siku. Naipenda mno, nisieleweke vibaya. Shida ni kwamba inaitwa poker, na jina hilo lilinigharimu 1,500, ambayo ni chakula changu cha mchana cha zaidi ya wiki kwenye kibanda cha nyuma ya ofisi.

Walichokuwa wanacheza wenzangu ni Texas Hold'em, ile ya kwenye filamu, ambayo ilisambaa duniani hasa baada ya mwaka 2003, pale mhasibu mmoja Mmarekani, Chris Moneymaker (ndiyo, hilo ni jina lake halisi), alipoingia mashindano makubwa ya Las Vegas kupitia mchezo wa mtandaoni akaondoka na dola milioni 2.5. Wahasibu hawa!

Nitaeleza sheria zake haraka, kwa sababu ni chache kuliko mnavyodhani. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kabla ya hapo, wachezaji wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji wameshaweka dau la lazima, mmoja dogo na wa pili mara mbili yake, ili pasiwe na mtu wa kukaa bure akisubiri karata nzuri. Halafu mnazunguka meza. Zamu yako ikifika una njia tatu: kutupa karata zako ukae pembeni, kulipa sawa na wengine, au kuongeza. Kisha karata tatu zinafunuliwa katikati, wenyewe huziita flopu, na hizo ni za wote. Mnazunguka tena. Inafunuliwa ya nne, mnazunguka. Ya tano, mnazunguka mara ya mwisho. Kama hakuna aliyeongeza katika duru, unaweza kupita bila kuweka kitu. Waliobaki mwishoni wanafunua, na mwenye mkono bora wa karata tano kati ya zile saba, mbili zake na tano za mezani, anabeba kitita. Na ikiwa wote wamekimbia akabaki mmoja, anabeba bila kuonyesha kitu. Hapo ndipo kutishia kunapoingia.

Basi. Nusu saa inatosha kuyajua hayo. Kinachobaki ni mpangilio wa mikono, yaani kipi kinashinda kipi, na hapo ndipo nilipochomeka.

Ijumaa ile nilipata A mbili, ya pao na ya kopa. (Kabla sijaendelea: kopa, uru, shupaza na pao ni majina ya Kireno, yaliletwa Pwani na wale wale wa Fort Jesus. Mtaani sisi tunasema tu maua na roho, lakini nimeamua kuyatumia ya Pwani kwa sababu ni mazuri.) A mbili mkononi ni mwanzo bora kuliko wote, unaupata mara 1 kwa kila mara 221. Mimi sikujua hivyo. Nilichojua ni kwamba A ni bosi, kama kwetu. Zikafunuliwa 5 ya uru, 10 ya uru, J ya pao. Nikaongeza. Ikaja 2 ya shupaza. Nikaongeza. Ikaja 8 ya uru. Nikasukuma kila kitu nilichobakiwa nacho. Mhasibu akanitazama kwa huruma, akalipa, akafunua Q na 4, zote uru.

"Tano za uru," akasema.

"Lakini mimi nina A mbili!" nikasema. Chumba kizima kikacheka. Kijana wa idara ya usanifu akaongeza, "Na uko kadi?" Hilo wamenitania nalo hadi leo.

Kwenye matatu ya kwenda Kangemi sikuwa na hasira ya hela. Nilikuwa na hasira ya kutojua KWA NINI. Nani aliamua kwamba tano za alama moja zinashinda jozi ya A? Na kwa nini zishinde mfululizo, kwa mfano 5, 6, 7, 8, 9, ambao kwa macho yangu ni mgumu zaidi? Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta nikaandika programu ndogo ya kuhesabu kila mkono wa karata tano unaoweza kutoka kwenye karata 52. Iko mikono 2,598,960. Kompyuta ya leo inaimaliza kabla chai haijapoa.

Majibu haya hapa. Jozi moja: 1,098,240. Jozi mbili: 123,552. Tatu zinazofanana: 54,912. Mfululizo: 10,200. Tano za alama moja: 5,108. Tatu pamoja na jozi: 3,744. Nne zinazofanana: 624. Mfululizo wa alama moja: 40 tu, pamoja na ile minne ya 10, J, Q, K, A inayoonekana kwenye filamu. Iliyobaki, 1,302,540, haina kitu.

Mmeona? Hakuna mzee aliyekaa chini ya mti akaamua. Mkono ulio adimu zaidi unashinda, kwisha. Tano za alama moja ni nusu ya mifululizo, kwa hiyo ziko juu. Mtu akikupa orodha ya kukariri utaisahau kesho. Akikuambia ni hesabu ya uadimu, unaweza kuijenga upya peke yako. Nashangaa ukurasa baada ya ukurasa wa kufundisha poker unaanza na orodha na hausemi neno hilo moja.

Halafu nikapata kitu kilichoninyima usingizi. Texas Hold'em ina karata saba za kuchagulia, si tano. Nikabadilisha programu ihesabu saba, mikono 133,784,560. Ikanijibu kwamba mikono isiyo na kitu ni asilimia 17 hivi, jozi mbili ni karibu 23.5, jozi moja ni karibu 44. Yaani kukosa kitu ni nadra kuliko kupata jozi! Nikajua nimekosea mahali. Nikatafuta kosa mpaka saa nane usiku. Hakuna kosa. Ukiwa na karata saba ni vigumu zisipatane popote, lakini mchezo unaendelea na mpangilio ule wa karata tano. Na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kama kukosa kitu kungeshinda jozi, kila mwenye jozi angechagua tano nyingine zisizo na jozi kati ya saba zake, na hesabu ingegeuka tena. Wenzangu wa kompyuta, hilo litafakarini mkiwa bafuni.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, akanitumia ujumbe. "Kaka, nisaidie 5,000, nitakurudishia mara mbili." Nikampigia. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema. Alikuwa amechukua 12,000 za kodi ya hosteli akaziweka kwenye mchezo wa poker wa mtandaoni. Zimebaki 2,300. Na akasema maneno yale yale niliyosema mimi: "Lakini poker naijua, kaka, tumeicheza tangu utotoni."

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Nililipa hosteli, nikamwambia aje kwangu Kangemi Jumamosi na asibebe hata shilingi. Mama alipopata habari alisema karata ni za wahuni, zichomwe zote. Namheshimu mama. Lakini mtoto wa leo ukichoma karata zake amebaki na simu, na simu huwezi kuichoma. Bunge nalo limefanya sehemu yake: mwaka 2025 tulipata sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua mahali pa ile ya mwaka 1966. Ni jambo jema. Ila sheria hiyo haitakaa na mdogo wangu saa sita ya usiku akiwa na A mbili.

Jumamosi nikamwaga maharagwe mezani. 200 yake, 200 yangu. Nikamfundisha kama nilivyowaeleza hapo juu, na nikamwonyesha hesabu za programu. Halafu nikaweka kikombe cha chai katikati nikamwambia, "Hiki ni mwenye meza. Kila maharagwe 20 yakiingia kwenye kitita, moja linaenda kwenye kikombe." Hiyo ni asilimia 5, na makato ya namna hiyo ni ya kawaida katika meza za kulipia duniani, ingawa nyingi huweka kikomo kwa kila mkono. Akasema sawa, moja katika ishirini ni kitu gani.

Tulicheza saa tatu hivi. Kijana ana kipaji, nisiseme uongo. Anajua kunyamaza, anajua kutupa karata mbovu mapema, na mara mbili alinitishia nikakimbia nikiwa na mkono bora. Tulipohesabu mwishoni alikuwa amenishinda wazi. Mimi nilikuwa na maharagwe 143. Yeye alikuwa na 164.

Akayaangalia. Akayahesabu tena.

"Kaka, si nimeshinda?"

"Umeshinda."

"Mbona yamepungua?"

Kikombe kilikuwa na 93.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, jamani, na naiandika kwa sababu siioni ikisemwa na upande wowote. Wako wanaosema poker ni kamari tupu kama kurusha sarafu. Si kweli, ujuzi upo, na ndiyo maana mhasibu wetu anaondoka na hela Ijumaa nyingi. Wako wanaosema ni kazi kama kazi nyingine, ukiwa na akili utajilipa mshahara. Hao wanahesabu mtu wa mbele yao, hawahesabu kikombe. Kwenye meza ya kulipia haitoshi kumzidi mwenzako. Lazima umzidi kwa kiasi kinachopita kikombe, na mwenye kikombe hachoki, hana siku mbaya, wala hapokei A mbili zikavunjwa na uru.

Mdogo wangu alikuwa na swali moja zaidi, na ni swali zuri. Je, hiyo mitandao haichanganyi karata kwa ujanja ili watu wapoteze? Nikamwambia mwenye kikombe hana haja kubwa ya kuiba. Lakini kuchanganya vibaya kwa bahati mbaya, hilo limewahi kutokea, na kila mwandishi wa programu anapaswa kulijua. Mwaka 1999, kampuni iitwayo ASF Software, ambayo programu yake ilitumiwa na michezo ya poker ya mtandaoni, iliweka hadharani namna yake ya kuchanganya karata ili watu waone hakuna wizi. Wataalamu wa kampuni nyingine, Reliable Software Technologies, wakaisoma. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi mno, 8 ikifuatwa na tarakimu 67. Lakini programu ile ilianza kuchanganya kutoka kwenye namba moja ya biti 32, kwa hiyo mipangilio yake haikuweza kupita bilioni 4.3 hivi. Na namba yenyewe ilitolewa kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina 86,400,000 tu. Wakaoanisha saa yao na ya seva, ikabaki mipangilio kama 200,000. Ukijua karata zako mbili na tatu za flopu, programu yao ilikutajia karata za kila mtu mezani, mchezo ukiendelea!

Kosa lile lilirekebishwa zamani. Lakini upande wa pili wa meza nao umebadilika. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wataalamu wanne, mmoja mmoja, katika mikono 120,000. Mwaka 2019 ndugu yake, Pluribus, akawashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita. Kwa hiyo ukikaa usiku na simu yako hosteli, hujui hata kama aliye mbele yako ana tumbo la kula.

Je, nasema msijifunze? Hapana, nasema kinyume chake. Jifunzeni, ila na maharagwe, dengu au vifuniko vya soda. (Wenyewe hutumia vibonye viitwavyo chipsi, lakini hapa Nairobi ukiagiza chipsi utaletewa na kuku.) Kwa mwanafunzi wa kompyuta sijaona somo tamu zaidi la kuhesabu uwezekano. Mhasibu aliponisubiri na uru nne mkononi na mezani, zilikuwa zimebaki uru 9 kati ya karata 47 asizozijua, na nafasi mbili za kuipata ya tano: asilimia 35. Yaani kwa mara tatu, mara mbili ningebeba mimi. Sikuwa mjinga sana hapo mwanzo. Ujinga wangu ulikuwa kusukuma kila kitu baada ya uru ya tatu kutua mezani, mbele ya macho yangu, nikiwaza ngazi za ploti.

Siku hizi Ijumaa nacheza, naenda na 500, zikiisha natafuta matatu. Pale ofisini hakuna kikombe, ni sisi kwa sisi. Na nimewafundisha kadi, ile yetu! Mhasibu hataki kabisa kukubali kwamba mtu hawezi kumaliza kwa K. Anataka nimwonyeshe ilipoandikwa.

Mdogo wangu amerudi chuoni. Bado ana deni langu, 9,700, na tumekubaliana alipe kidogo kidogo kuanzia likizo akipata kibarua. Kwenye maharagwe ananidai 21, na amekuwa akinitumia ujumbe kunikumbusha. Programu ya kuhesabu mikono nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaisafisha, maana niliyapa maboksi yangu majina ya matusi saa ile ya saa nane usiku.